Tui Mezani: Jiko la Indaksheni na Mkahawa wa Kilwa Masoko

Mlo ambao Wachina huuita huoguo, na ambao kwa Kiswahili unaweza kuitwa chungu cha mezani, huhitaji supu iendelee kuchemka katikati ya meza huku walaji wakitumbukiza wenyewe samaki, nyama na mboga, kwa hiyo jiko lake huwa mbele ya mgeni, karibu na mikono ya watoto wake. Mkahawa wa Kilwa Masoko, mji wenye kamba, ngisi na pweza wa kutosha, unaweza kuumudu mlo huo bila kuagiza kitoweo mbali, wala chombo cha Kichina si kigeni pwani hiyo, kwani vigae vya kauri kutoka Uchina vimefukuliwa katika magofu ya Kilwa Kisiwani, ng'ambo tu ya maji. Kinachohitaji kufikiriwa ni moto.

Jiko la indaksheni halina mwali wala waya unaowaka. Chini ya kioo chake hulala koili ya shaba, ambayo ikipitishiwa umeme unaobadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde huzalisha nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo huamsha mikondo ya umeme ndani ya kitako cha chungu, hata chungu chenyewe kikawa ndicho kinachozalisha joto. Kutokana na utaratibu huo, sufuria za alumini zilizojaa katika maduka yetu, pamoja na vyungu vya udongo, hazifai kwa majiko mengi ya aina hii. Mnunuzi hana budi kwenda dukani na kipande cha sumaku, na chombo ambacho sumaku haikishiki akiache hapohapo, hata kikiwa kimeandikwa kuwa ni cha chuma cha pua.

Wauzaji hupenda kutaja wati nyingi, ilhali kwa chungu cha mezani wati nyingi hutumika kwa dakika chache tu. Lita nne za maji zenye nyuzijoto 27 huchemka kwa takriban dakika 12 kwenye jiko la wati 2,000, kisha kazi inayobaki kwa saa nzima ni kuzitunza katika mchemko mdogo, ambao wati mia tano au mia sita huutosha. Hapo ndipo majiko rahisi hujifichua: yakishushwa chini ya wati elfu moja hivi, hayapunguzi nguvu bali huwaka kwa nguvu kubwa sekunde chache, yakazimika, yakawaka tena. Supu ya mifupa huvumilia hali hiyo. Tui la nazi halivumilii, kwani kila wimbi la mchemko mkali hulikaribisha kukatika, mafuta yakaelea juu na chembe nyeupe zikajitenga, na hakuna mlaji wa pwani atakayekubali kuambiwa kwamba huo ndio mchuzi wa pweza. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni jiko linashuka hadi wati ngapi bila kukatiza moto, na jibu lake lithibitishwe kwa kuchemsha kasimile, yaani tui zito, papo hapo kwa nusu saa.

Nyaya nazo zina hesabu yake. Meza kumi zenye majiko ya wati 2,000 zikiwashwa pamoja hudai kilowati 20, yaani takriban ampea 87 kwa umeme wa njia moja wa volti 230, mzigo unaostahili kugawanywa kwenye umeme wa njia tatu, ambako kila njia hubeba kama ampea 29. Gharama ya kila meza, kuchemsha na kutunza mchemko kwa saa moja, ni kama uniti moja ya Luku.

Hewa ya bahari haionekani kwenye karatasi ya maelezo. Feni inayopoza saketi huvuta chumvi na mvuke wa mafuta, vitu ambavyo hula viungio taratibu, hivyo jiko lenye kichujio kinachochomolewa na kuoshwa kila wiki lina thamani zaidi kuliko lenye vitufe vingi. Umeme ukikatika, chungu chenye kitako kinene hushikilia joto kwa dakika kadhaa, muda unaomtosha mhudumu kurudisha supu jikoni, kwenye jiko la gesi lililowekwa kwa ajili hiyo.