Taa Ndogo Iliyolaza Gari Usiku wa Haja

Gari letu ni Peugeot 504 aina ya stesheni, urithi wa marehemu baba. Magari ya namna hii yalishinda Mbio za Safari mwaka 1975 na 1978, na yaliendelea kuunganishwa humu Kenya hata baada ya Ufaransa kuacha kuyatengeneza. Hapa Ganda limebeba maharusi, wagonjwa na wageni wa Hija, nasi hatukupata kulidharau kwa uzee wake.

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, mkamwana wetu alishikwa na uchungu wa uzazi. Ufunguo ulizungushwa, gari likanyamaza. Majirani walitoka wakalisukuma mpaka likawaka, tukafika mjini Malindi kwa kuchelewa. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi, lakini hofu ya usiku ule haijatutoka.

Tulishauriwa kununua betri mpya. Tulinunua, na baada ya siku nne nayo ikazima.

Ndipo sisi wanawake wa nyumba tulipoamua kutafuta chanzo wenyewe. Jioni moja, baada ya betri kuchajiwa, mmoja wetu aliketi ndani ya gari huku milango yote imefungwa. Akasema kwa mshangao, “Taa ya juu haijazimika!” Siku zote gari lilikuwa limefunikwa turubai, kwa hiyo mwanga huo haukuonekana na mtu.

Balbu hiyo ni ya wati 5 tu. Katika umeme wa volti 12 hutumia chini ya nusu ampea. Lakini ikiwaka siku nne, usiku na mchana, hula karibu ampea-saa 40, na betri yetu yote ni ya 45.

Katika magari mengi ya kale, taa ya ndani hupata umeme wakati wote kupitia fyuzi. Swichi ndogo iliyo kwenye nguzo ya mlango ndiyo inayoiunganisha na bodi ya gari, ambayo ni upande wa hasi. Mlango ukifunguliwa, kitufe hutoka na taa huwaka. Ukifungwa, kitufe husukumwa ndani na taa huzimika.

Tulibonyeza kila kitufe kwa kidole, taa haikuzimika. Tukafungua swichi ya mlango wa dereva kwa bisibisi na kuchomoa waya wake. Lau taa ingezimika hapo, kosa lingekuwa la swichi iliyokwama. Haikuzimika. Basi kosa lilikuwa katika waya wenyewe. Tuliufuata mpaka pale unapopita kwenye tundu la bati. Mpira wa tundu ulikuwa umekauka na kukatika, ganda la waya limechunika, na shaba inagusa bodi.

Tuliondoa kwanza waya wa hasi wa betri, tukafunika sehemu iliyochunika kwa tepu ya umeme, tukaweka mpira mpya. Taa ikatii mlango.

Kwenu huenda tatizo likawa kinyume: mlango unafunguliwa, taa haiwaki. Anzeni na balbu na fyuzi. Vikiwa vizima, chomoeni swichi. Mara nyingi hewa ya chumvi ya pwani yetu huipa kutu pale inapoligusa bati. Isugueni kwa msasa, pakeni grisi kidogo, irudisheni. Fyuzi ikiungua tena na tena, msiweke kipande cha waya mahali pake, kwani huo ni mwanzo wa moto. Mwiteni fundi wa umeme wa magari.

Betri ya kwanza tuliyoilaumu haikuwa na kosa. Tangu siku hiyo, kila tunapolifunika gari, mmoja wetu huchungulia dirishani kwanza. Mara nyingi ni mkamwana wetu, akiwa na mtoto mgongoni.