Hasara ya mishiri huanzia shambani

Mkulima wa mishiri Kirinyaga huanza kuchuma siku 45 hadi 50 baada ya kupanda. Huchuma mara mbili au tatu kwa wiki, kwa sababu akichelewa maganda hunenepa na kukosa soko la ng'ambo.

Hata anayechuma kwa wakati hana hakika ya malipo. Ganda lililopinda au lenye doa hukataliwa, ingawa huliwa sawa na lililonyooka. Mengine hukatwa ncha ili yatoshee kwenye pakiti. Yaliyokataliwa hulishwa ng'ombe au huoza, kwa kuwa wanunuzi wa mishiri humu nchini ni wachache.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilikadiria kuwa tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani mwaka 2022. Asilimia 60 zilitupwa majumbani, asilimia 28 mikahawani na kwingineko kunakoandaliwa chakula, na asilimia 12 madukani, zikiwemo supamaketi.

Kinaya ni kwamba hesabu hiyo haigusi mazao yanayokataliwa kabla ya kufika dukani. Mwaka 2015 shirika la Feedback la Uingereza lilichapisha ripoti kuhusu mboga ambazo Kenya huuza nje. Lilitaja masharti ya umbo na oda zinazofutwa ghafla kuwa miongoni mwa sababu za mboga kutupwa. Oda ikifutwa, mbegu, mbolea na vibarua vimekwisha kulipiwa.

Mwaka 2019, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mnunuzi mkubwa kufuta oda ya mazao yanayoharibika haraka zikiwa zimesalia chini ya siku 30. Sheria hiyo humfikia hata muuzaji aliye nje ya Ulaya. Hata hivyo, anayemuuzia mnunuzi huyo ni kampuni inayosafirisha mboga. Mkulima hutegemea mkataba wake na kampuni hiyo.

Kwa hivyo, kabla ya kupanda, kikundi cha wakulima kinafaa kuuliza: Kampuni itanunua kilo ngapi? Mishiri itachambuliwa wapi, na je, mwakilishi wa wakulima atakuwepo? Oda ikifutwa, nani atalipa?

Majibu yakikosekana katika mkataba, mishiri inayotupwa ili rafu za Ulaya zipendeze itaendelea kulipiwa na mkulima.