Kuhamisha Data Bila Kuhamisha Nyumba

Tangu mwaka 2000, wahesabu wa mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome Trust huzunguka nyumba kwa nyumba katika eneo la takriban kilomita mraba 891 kandokando ya Hospitali ya Kaunti ya Kilifi. Huandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, na kila boma lina nukta yake kwenye ramani. Mtoto akilazwa, taarifa zake huunganishwa na kwao. Ndivyo watafiti walivyoweza kupima manufaa ya chanjo ya nimonia iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2011.

Kanzidata ya namna hii haikai kwenye seva moja milele. Mashine huchakaa, programu hupitwa na wakati, na siku ya kuhama hufika. Fundi wa orodha ya mishahara akiihamisha huhesabu safu: zilizotoka zikilingana na zilizoingia, ametua mzigo. Kwa data ya mahali hesabu hiyo haitoshi hata kidogo, kwa sababu nukta inaweza kufika nzima na bado ikaangukia pasipo pake.

Chukua Malindi: latitudo 3.2 kusini, longitudo 40.1 mashariki. PostGIS, kiongezo cha data ya mahali cha kanzidata ya PostgreSQL, hutanguliza longitudo. Kanzidata ya MySQL, kuanzia toleo la 8.0 la mwaka 2018, hutanguliza latitudo pale data inapotumia WGS 84, mfumo wa GPS. Zitoe nambari huku kama maandishi, zimimine kule bila kuzipangua, na Malindi yote itahamia Hispania, kusini-mashariki mwa Madrid. Seva haitalalamika, maana nambari zote mbili ni halali.

Kosa hilo huonekana mara tu ramani inapofunguliwa. Ninaloliogopa mimi ni la mita 300. Ramani za zamani za Survey of Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na zikisomwa kana kwamba ni za WGS 84, mahali husogea takriban umbali huo. Kinachoitofautisha mifumo hii ndani ya kanzidata ni msimbo tu: 21037 kwa Arc 1960 katika ukanda wetu, 32737 kwa WGS 84. Mtu akibadilisha msimbo bila kukokotoa upya nambari zenyewe, kisima kinahamia kijiji cha pili na boma la ukingoni mwa hori ya Kilifi linaingia majini. Kwa pwani yenye migogoro ya mashamba kama yetu, mita 300 ni urithi wa mtu.

Kwa hiyo sakinisha PostGIS kwenye seva mpya kwanza, ndipo umimine data, kisha hakikisha faharasa za mahali zimejengwa upya. Halafu kagua. Kupima umbali kutoka magofu ya Gede hadi nguzo ya Vasco da Gama ya Malindi hakutafichua kosa hilo, kwani vyote vikisogea pamoja umbali haubadiliki. Weka nukta hizo, na daraja la Kilifi, juu ya picha ya setilaiti, utazame kwa macho yako zinapoangukia.

Seva ya zamani isiguswe mpaka ukaguzi uishe. Ukiisha, diski zake zifutwe kabisa pamoja na nakala zote za safarini. Nukta zile ni nyumba za watu zilizofungamanishwa na maradhi yao, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.