Maadui wa Jana Nyumba Moja

Ndugu wazazi, juzi darasani mtoto aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini nijifunze lugha ya watu waliotupiga?" Nikampa mfano huu.

Wafaransa na Wajerumani walipigana vita vikubwa mara tatu: vya 1870, vya 1914 na vya 1939. Walizikana sana. Lakini mwaka 1963 de Gaulle na Adenauer walitia sahihi mkataba wa urafiki mjini Paris. Mwaka huo huo wakaanzisha ofisi ya kubadilishana vijana, wa huku aende akajifunze kule. Mpaka leo vijana zaidi ya milioni 9 wameshiriki.

Mwaka 2004 wakafungua pamoja kituo cha utamaduni Ramallah, Palestina, mji uliopokea wakimbizi tangu 1948. Jengo ni moja, masomo ni ya lugha zote mbili, Kifaransa na Kijerumani, pamoja na filamu na maonyesho.

Kituo hakimalizi vita. Palestina yenyewe bado inalia. Ila watu wasioongea hawapatani.

Basi mzazi, mtoto akirudi jioni na neno la jirani mdomoni, usimkemee. Mwulize maana yake, nawe ulijue.