Fleti za Kupangisha Zikigeuzwa za Kuuzwa: Kaunti Inaangalia Nini

Katika mitaa kama Tudor, Kizingo na Nyali, jengo lililojengwa kwa ajili ya wapangaji linaweza kuanza kuuzwa fleti moja moja. Mwenyewe hutundika bango langoni, wapangaji huanza kuulizana watahama lini, na majirani huanza kuhesabu magari. Malalamiko mengi hapo hutokana na kuchanganya mambo mawili: kubadilisha umiliki wa jengo, na kubadilisha jengo lenyewe au matumizi yake.

Umiliki unaongozwa na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo. Chini ya sheria hii kila fleti hupata hati miliki yake, na wenye fleti kwa pamoja huwa shirika linalosimamia ngazi, paa, tangi la maji na ua. Ardhi ni lazima iwe ya milki huru, au ya kukodi iliyobakisha angalau miaka 21. Usajili wa hati hufanywa na serikali ya kitaifa, na Kaunti haina mamlaka ya kumzuia mtu kuuza mali yake kwa sehemu.

Kaunti inaingia kupitia ramani. Sheria hiyo inataka ramani ya mgawanyo ichorwe na mpima ardhi kutokana na ramani ya ujenzi iliyoidhinishwa na serikali ya kaunti, na hapa ndipo mambo yanaweza kukwama. Tuchukue mfano wa jengo lililoidhinishwa kuwa na fleti 8 na maegesho chini. Miaka inapita, maegesho yanazibwa kwa matofali na kuwa vyumba viwili vya kupangisha, kisha paa linapandishwa fleti moja zaidi. Jengo likiwa la kupangisha, huenda hakuna aliyeuliza. Siku ya kuuza, milango ni 11 na ramani inaonyesha 8. Aliyelipia mlango wa 9 amenunua kitu ambacho hakimo kwenye karatasi yoyote ya Kaunti, na wenzake wanane wamepoteza mahali pa kuegesha magari.

Mwenye jengo anaweza kuomba nyongeza hizo ziidhinishwe, lakini ombi si lazima likubaliwe. Wapangaji miji huangalia vipimo viwili hasa. Cha kwanza ni kiasi cha kiwanja kinachofunikwa na jengo, na cha pili ni jumla ya sakafu zote ikilinganishwa na ukubwa wa kiwanja. Kwa mfano, kwenye kiwanja cha mita 1,000 za mraba, kipimo cha asilimia 35 kinaruhusu jengo kukalia mita 350, na sehemu iliyobaki ni ya hewa, miti, magari na tangi la maji taka. Viwango hutofautiana mtaa kwa mtaa, kwa hivyo kilichoruhusiwa kwa jirani wa barabara ya pili kinaweza kukataliwa hapa.

Vipimo hivi havilindi sura ya mtaa peke yake. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo hupitisha maji. Nyumba nyingi hutegemea mashimo na matangi ya maji taka, na nyingine huteka maji ya visima. Familia tatu zaidi kwenye tangi lililochimbwa kwa ajili ya nane zinaweza kuwa tatizo la kisima cha jirani.

Mji wa Kale una ulinzi wa ziada kwa kuwa ni eneo la hifadhi. Anayetaka kugawa nyumba ya zamani huko ahusishe pia Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kabla ya kugusa mlango wa nakshi, baraza au roshani.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kuanza ujenzi au mabadiliko makubwa ya matumizi bila kibali ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Anayeomba kibali lazima atangazie umma na kualika pingamizi. Pingamizi liandikwe, litaje namba ya kiwanja na madhara yenyewe: mfereji unaofurika, maegesho yaliyozibwa, ukuta unaoziba njia. Kusema tu kwamba wageni hawatakiwi mtaani hakumsaidii afisa. Jirani asikawie, kwani ombi lisilojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huhesabiwa limekubaliwa. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa Kamati ya Uratibu ya Mipango ya kaunti, na baadaye katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mpangaji naye hatolewi kwa bango. Anayelipa kwa mwezi anastahili ilani isiyopungua mwezi mmoja, na mwenye mkataba wa muda maalumu ausome kabla ya kukubali kuhama.

Kuna kundi ambalo utaratibu huu hauwafikii: wenye nyumba bila ardhi, ambao ni wengi Majengo, Kisauni, Likoni na Changamwe. Nyumba ni yao, lakini kiwanja ni cha mwingine wanayemlipa kodi ya ardhi. Nyumba kama hiyo ikivunjwa na kupandishwa ghorofa, vyumba vyake haviwezi kupata hati za sehemu bila mwenye kiwanja na hati yake kuhusika. Anayeuziwa "fleti" katika jengo la namna hii aombe kwanza kuona hati ya kiwanja na ramani yenye muhuri wa Kaunti, kisha apande ngazi ahesabu milango.