Prosesa za Kompyuta Mpakato Zilizotamba Mezani

Mwaka 2004, wapenzi wa kompyuta waliotaka mashine ya mezani yenye kasi kubwa kwa fedha kidogo walikuwa wakitafuta prosesa iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta mpakato: Athlon XP-M 2500+ ya kampuni ya AMD. Kiwanda kiliipa kasi ya megahetsi 1,867 tu. Mikononi mwa fundi hodari ilifika 2,400, ikaipita Athlon XP 3200+ ya mezani, iliyokuwa na megahetsi 2,200.

Kila prosesa hufanya kazi kwa kufuata mapigo. Bodi mama hutoa mapigo ya msingi, nayo prosesa huyazidisha kwa namba maalumu iitwayo kizidisho. XP-M 2500+ ilipokea mapigo ya megahetsi 133 na kuyazidisha kwa 14. Anayetaka kasi zaidi hupandisha mojawapo ya namba hizo, au zote mbili.

Mwishoni mwa 2003, AMD ilifunga kizidisho cha prosesa zake za mezani. Cha mpakato kilibaki wazi, kwa sababu kompyuta ya betri lazima ishushe kasi kazi inapopungua na kuipandisha kazi inapozidi. Fundi aliweka mapigo ya msingi 200 na kizidisho 12, akapata 2,400. Soketi ilikuwa ileile, hivyo bodi nyingi za mezani ziliipokea.

Lakini kizidisho kilichoachwa wazi hakitoshi kueleza mafanikio hayo. Prosesa za mezani na za mpakato za aina hii zilitokana na mchoro mmoja, Barton, wenye transista milioni 54.3. Hata hivyo, vipande vya silikoni vinavyotoka kiwanda kimoja havilingani. Vingine hutulia kwa umeme mdogo, vingine huhitaji mwingi. Zile za mpakato zilipaswa kufanya kazi kwa volti 1.45, ilhali za mezani zilipewa 1.65. Silikoni inayotulia kwa volti chache huwa na nafasi kubwa ya kupandishwa.

Hapa ndipo fizikia inapodai haki yake. Joto huongezeka sambamba na kasi, lakini volti zikiongezeka, joto hufuata mraba wa volti hizo. Prosesa ya wati 45 ikipandishwa kutoka 1,867 hadi 2,400 bila kuongezewa volti, hufika wati 58 hivi. Ikipewa na volti 1.65, hukaribia wati 75. Kasi imeongezeka kwa asilimia 29, joto kwa asilimia 66 hivi. Ndiyo maana mafundi makini walitafuta kwanza volti ndogo kabisa inayoiwezesha mashine kutulia. Umeme ukizidi, husukuma hata atomi za nyaya ndogo ndani ya prosesa, na uhai wake hufupika.

Kampuni ya Intel nayo ilikuwa na hazina kama hiyo. Pentium M, prosesa ya mpakato iliyobuniwa na wahandisi wake wa Haifa, Israeli, ilitoka Machi 2003. Mwaka 2005 kampuni ya ASUS iliuza adapta ya CT-479, iliyoiwezesha kukaa kwenye baadhi ya bodi za Pentium 4, prosesa ya mezani ya Intel. Pentium M ya wati 27, ikiongezwa kasi, ilishindana katika michezo ya kompyuta na Pentium 4 zenye gigahetsi nyingi zaidi, ambazo baadhi zilifikia wati 115. Ilizidiwa katika kazi kama kubadilisha mifumo ya video, lakini somo lilikuwa limeeleweka: kazi nyingi katika kila pigo hushinda wingi wa mapigo.

Intel yenyewe ilifuata njia hiyo. Mei 2004 ilifuta mradi wa Tejas, uliotarajiwa kuirithi Pentium 4, na Julai 2006 ikaleta Core 2 Duo, iliyojengwa juu ya fikra za Pentium M. Nyingi kati ya hizo zilikuwa za wati 65 tu.

Leo prosesa nyingi za mpakato hulehemewa kwenye bodi, na kuzihamisha si rahisi tena. Kanuni haijabadilika. Unaponunua kompyuta, usihesabu gigahetsi peke yake. Uliza inatumia wati ngapi na joto lake linatolewaje. Prosesa inayofanya kazi kubwa kwa umeme mdogo ndiyo iliyobuniwa vizuri.