Bosi mpya kaweka nembo bondi: wewe ungeuza hisa zako?

Hebu jiweke kwenye nafasi hii, msomaji wangu. Wewe na mwenzi wako mna hisa kwenye kampuni ya magari yenye umri wa miaka zaidi ya 100. Jina lake linajulikana dunia nzima, lakini kampuni inaumwa. Anakuja bosi mpya ambaye kazi yake yote imekuwa kutengeneza ndege. Siku 10 tu baada ya kutangazwa kwake, gawio lenu linafutwa. Miezi miwili mbele, bosi huyohuyo anawaendea mabenki na kuweka bondi karibu kila kitu: viwanda, majina ya magari, mpaka nembo ya kampuni. Mngebaki? Au mngempigia dalali wenu wa hisa usiku uleule?

Hiyo siyo hadithi ya kutunga. Kampuni ni Ford ya Marekani, mwaka ni 2006, na bosi ni Alan Mulally, aliyekuwa amefanya kazi Boeing kwa miaka 37. Aliyemwita ni Bill Ford, kitukuu wa mwanzilishi Henry Ford, ambaye aliinuka kwenye kiti cha mtendaji mkuu akabaki mwenyekiti wa bodi. Fikiria mwanaume mwenye jina lake juu ya jengo, halafu anasema mwenyewe kwamba hapa namhitaji mtu wa nje. Nawajua wanaume wengi ambao wangekufa na tai shingoni kuliko kufanya hivyo.

Nimeichagua habari hii kwenye kurasa zetu za mapenzi na maisha kwa sababu moja. Kila mwezi napokea maswali ya wapendanao wanaogombania pesa, na mengi hayahusu nani katumia nini. Yanahusu subira. Mmoja anataka kutoka, mwingine anataka kusubiri, na kila mmoja anamwona mwenzake hana akili. Yaliyotokea Ford yatakuonyesha kwamba mara nyingi wote wawili wana akili timamu.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Mwaka ule wa 2006 Ford ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Ilikuwa imejizoesha kuishi kwa faida ya magari makubwa yanayokunywa mafuta, na mafuta yalipopanda bei, wateja wakahamia kwa Wajapani. Humo ndani nako mambo yalikuwa funika kombe mwanaharamu apite. Mulally aliweka kikao kila Alhamisi asubuhi, na kila mkuu wa idara alitakiwa kuja na chati zenye rangi: kijani mambo shwari, njano kuna wasiwasi, nyekundu kuna tatizo. Wiki za mwanzo chati zote zikaja kijani. Kampuni inapoteza mabilioni, na meza nzima inasema tuko poa!

Wa kwanza kuvunja ukimya alikuwa Mark Fields, mkuu wa Ford kwa upande wa Amerika. Gari jipya la Edge lilikuwa na hitilafu kwenye mlango wa nyuma, akasimamisha kulitoa kiwandani, akaja kikaoni na rangi nyekundu. Watu walidhani ndio mwisho wake. Mulally akapiga makofi. Lishike jina la Fields, tutakutana naye tena. Na kama una mchumba, jiulize leo nyumbani kwenu nyekundu ikiletwa mezani inapokewaje. (Mimi najua nyumba ambazo bili ya umeme inafichwa chini ya godoro.)

Sasa turudi kwa wenye pesa zao. Mpango wa Mulally ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuumeza: punguza uzalishaji ulingane na wateja waliopo, tengeneza magari machache yanayoweza kuuzwa dunia nzima, uza majina mengine yote yanayokula muda wa wakubwa, na kopa sasa hivi, kabla hujabanwa. Mwisho wa 2006 Ford ikawa imekusanya dola bilioni 23.6. Rehani zake zilikuwa pamoja na ile nembo ya duara la bluu, na majina ya Mustang na F-150.

Wawekezaji hawakushangilia. Na ukitulia utaona walikuwa na haki. Chukua waliokuwa wameikopesha Ford zamani bila dhamana yoyote, kwa kuamini jina tu. Siku Ford ilipoweka viwanda bondi kwa mabenki, hawa wa zamani walisukumwa nyuma ya foleni. Kampuni ikifa, mwenye dhamana anachukua chake kwanza, wao wanaokota makombo. Ni sawa na shemeji aliyekukopesha kwa mdomo, halafu anasikia hati ya nyumba umeipeleka benki. Atakuchekea kweli?

Mwenye hisa naye hesabu yake ilikuwa nyingine. Yeye yuko mwisho kabisa wa foleni, nyuma ya wakopeshaji wote. Deni likikua, kipande chake kinasinyaa. Gawio limekatwa. Tena anasikia kwamba bosi mpya, kwa miezi minne tu ya 2006, kalipwa zaidi ya dola milioni 28, wakati maelfu ya wafanyakazi wanapewa kiinua mgongo na kuombwa waende nyumbani. Hata mimi ningenuna.

Kisha yakaanza mauzo. Aston Martin ikaenda 2007. Mwaka 2008 Jaguar na Land Rover zikauzwa pamoja kwa Tata Motors ya India kwa dola bilioni 2.3. Hapa kwetu, ambako Land Rover imebeba maiti, maharusi na wanasiasa kwa barabara zilezile za vumbi, habari hiyo ilizungumzwa sana. Ford ilikuwa imeinunua Jaguar mwaka 1989 kwa dola bilioni 2.5 na Land Rover mwaka 2000 kwa bilioni 2.7. Piga hesabu mwenyewe: imeuza kwa chini ya nusu ya ilichonunulia. Baadaye, mikononi mwa Tata, magari hayo yalikuja kuleta faida nzuri. Volvo nayo ilienda kwa Geely ya China mwaka 2010. Mwekezaji anayetazama bei ya kununua na bei ya kuuza tu alikuwa na kila sababu ya kupiga kelele. Mulally alikuwa akiangalia kitu kingine: fedha taslimu mkononi, na wakubwa wake wafikirie gari moja badala ya kukimbizana na majina mengi.

Sasa nakuletea mtu ambaye kisa chake ndicho kilichonifanya niandike haya. Kirk Kerkorian. Huyu babu ndiye aliyejenga mahoteli makubwa ya kamari kule Las Vegas, bilionea aliyewahi kuwatia kiwewe Chrysler na General Motors kwa kununua hisa zao na kudai mabadiliko. Mwaka 2008, akiwa na miaka 90, akatangaza kwamba kanunua hisa za Ford. Alikusanya hisa takriban milioni 141, za thamani ya kama dola bilioni moja. Nyingi alizinunua kwa bei ya karibu dola 7 kila moja, kisha akaongeza nyingine milioni 20 kwa dola 8.50. Na safari hii hakuja kugombana. Alisema wazi kwamba anamkubali Mulally na anauamini mpango wake.

Kwa lugha yetu ya kurasa hizi, huyu alikuwa amependa kweli.

Halafu dunia ikaanguka. Septemba 2008 mabenki ya Marekani yakatikisika, mikopo ikakauka, watu wakaacha kununua magari. Hisa ya Ford, iliyokuwa zaidi ya dola 8 siku Mulally anatangazwa, ilifika karibu dola 1 mwezi Novemba. Oktoba Kerkorian akaanza kuuza kwa dola 2 na ushee. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameuza zote.

Kwa nini? Je, aligundua mpango ni feki? Hapana. Mpango ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni mfuko wake. Sehemu ya fedha alizonunulia Ford ilikuwa mkopo wa benki, na dhamana yake ilikuwa hisa za MGM, kampuni ya mahoteli yake. Hisa za MGM nazo zikaporomoka, na benki haina habari na mapenzi yako kwa Mulally. Mtu alikuwa sahihi kuhusu bosi, sahihi kuhusu mkakati, sahihi kuhusu kampuni, na bado akapoteza mamia ya mamilioni ya dola kwa sababu pesa aliyoweka pale haikuwa pesa ya kusubiri.

Miezi michache baadaye ndipo rehani ya 2006 ilipoonyesha kazi yake. Chrysler ilifilisika rasmi Aprili 2009, General Motors ikafuata Juni 1. Zote mbili ziliomba serikali iziokoe, na wenye hisa wa zamani wa GM walibaki karibu mikono mitupu. Ford haikuhitaji fedha hizo za uokoaji, maana ilikuwa imeshakopa wakati bado kuna mtu wa kukopesha. (Tuwe wakweli: mwaka huohuo ilikubaliwa mkopo wa serikali wa dola bilioni 5.9 wa kutengeneza magari yanayotumia mafuta kidogo. Huo ulikuwa mfuko mwingine.) Kufikia mwisho wa 2009 hisa moja ilikuwa dola 10. Faida ya mwaka huo ilikuwa dola bilioni 2.7, mwaka uliofuata bilioni 6.6, na Januari 2011 hisa ikapita dola 18. Mei 2012 nembo ikatoka rehani.

Wakati wote huo kuna wawekezaji ambao hawakuondoka: familia. Ukoo wa Ford una hisa za aina yake zenye asilimia 40 ya kura, na hao nao gawio lao lilifutwa kama la kila mtu. Walivumilia mpaka gawio liliporudi mwaka 2012. Usiwasifie haraka. Waliweza kusubiri kwa sababu kula yao ya kesho haikutegemea kuuza leo. Mwalimu mstaafu wa Michigan aliyeuza zake kwa dola 2 ili alipe matibabu hakuwa mjinga kuliko wao.

Nina shoga yangu hapa Dar, yeye na mumewe wote wafanyakazi, wana hisa kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja. Alikuja mkurugenzi mpya, akasema gawio hakuna mpaka mitambo ibadilishwe. Mume akataka wauze wamalizie nyumba. Mke akasema mkurugenzi ana akili, tungoje. Wiki tatu hawasemeshani vizuri, kila mmoja kaleta magazeti kuthibitisha mkurugenzi ni mzuri au mbaya. Nilipokaa nao niliwauliza swali moja tu: mvua za masika zinaanza lini, na bati mnazo? Wakatazamana. Ugomvi haukuwa wa mkurugenzi hata kidogo. Waliuza kiasi cha kuezekea, zilizobaki wakaziacha, na nasikia bado wanabishana kuhusu mkurugenzi, ila sasa wanabishana huku wanacheka.

Kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba kampuni fulani imepata bosi mpya na wawekezaji wamekimbia, au wamefurahi, usidhani soko limeshatoa hukumu ya mkakati. Kila anayeuza ana bili yake nyumbani. Mimi nikiangalia bosi mpya natafuta mambo ambayo bei ya siku ile hainiambii. Je, anakopa akiwa bado anakopesheka, au anakopa akiwa ameshafulia? Anauza vitu ili apate kazi moja ya kufanya vizuri, au ili alipe mishahara ya mwezi huu? Na pale kikaoni kwake, anayeleta nyekundu anapigiwa makofi au anahamishwa? Hilo la mwisho ni gumu kulijua ukiwa nje, lakini likivuja, lina thamani kuliko chati ya hisa ya wiki nzima.

Nilikuahidi tutakutana tena na Mark Fields. Mulally alistaafu Julai 2014, na aliyepewa kiti alikuwa yuleyule wa chati nyekundu. Mwaka 2015 kampuni ilivunja rekodi ya faida kabla ya kodi, dola bilioni 10.8. Wawekezaji wakapiga miayo. Macho yao yalikuwa kwa Tesla na magari yanayojiendesha, na waliona Fields hana jibu. Mei 2017 aliondolewa, bei ya hisa ikiwa imeshuka karibu asilimia 40 tangu akabidhiwe ofisi. Mahali pake akawekwa Jim Hackett, aliyewahi kuongoza kampuni ya fanicha za ofisini. Siku anatangazwa, hisa zilipanda. Alipoondoka mwaka 2020 zilikuwa chini kuliko siku ile.